Kiroboto Kwanza, Panya Baadaye

Mavuno ya mahindi yakishaingia ndani, nyumba nyingi za vijijini katika milima ya Usambara hugeuka ghala. Mahindi yenye magunzi hupandishwa darini juu ya mafiga, moshi uyakaushe na kuwafukuza fukusi na dumuzi. Maharage hukaa kwenye viroba karibu na kitanda, viazi hulundikwa kwenye kona kavu. Chakula cha miezi mingi hakiachwi nje kikaota ukungu au kikaondoka na mwizi. Moshi huwapunguza wadudu kweli, lakini panya hauwasumbui. Jiko likizimwa na watu wakilala, dari ile ile yenye joto na chakula huwa yao mpaka alfajiri.

Kwingineko Tanzania mtu anayelalamikia panya hulalamikia gunia lililotobolewa, shati lililotafunwa au waya wa umeme uliokatwa. Lushoto, wilaya ya milima hii, ina sababu nzito zaidi. Mwaka 1980 tauni ililipuka katika vijiji vya wilaya hiyo, ikawa inarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miongo miwili, hadi ilipotulia kufikia 2004. Kati ya 1980 na 2011 Tanzania iliandikisha zaidi ya wagonjwa 8,000 wa tauni na vifo zaidi ya 600, na sehemu kubwa kabisa ya wagonjwa hao ilitoka Lushoto. Vijiji vya uwanda wa Shume na vya upande wa Mlalo vilijifunza kuujua msimu wake: miezi ya mwisho wa mwaka na ya mwanzo wa mwaka unaofuata, homa ya ghafla, kisha mtoki kinenani au kwapani. Shirika la Afya Duniani linasema tauni ya mitoki isiyotibiwa huua kati ya asilimia 30 na 60 ya wanaoipata.

Kwa hiyo swali la kuondoa panya, ambalo mjini hujibiwa kwa pakiti ya sumu kutoka kwa mmachinga, huku milimani linaanzia kwa mdudu anayeishi mwilini mwa panya.

Bakteria wa tauni alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye, akiwa Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha namna ugonjwa unavyotoka kwa panya kumfikia mtu. Panya akifa mwili wake hupoa, na viroboto waliokuwa wakimnyonya huuhama. Wakikosa panya mwingine karibu, humrukia yeyote mwenye damu ya moto. Karibu wakati huo huo Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa utafiti, alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, yalikuwa tauni.

Kutokana na ugunduzi wa Simond, mtu anayeua panya wote wa nyumba yake kwa usiku mmoja, katika eneo lenye tauni, huwaachia viroboto njaa na huwaachia watu waliolala chini viroboto hao. Ndiyo maana wataalamu wa afya husisitiza utaratibu: unga wa kuua viroboto hunyunyizwa kwanza kwenye mashimo, kwenye njia za panya kandokando ya kuta, na sakafuni. Mitego na sumu hufuata baadaye. Kampeni za serikali za miaka ya tauni zilihusisha unyunyiziaji wa nyumba kwa nyumba pamoja na dawa za kutibu watu. Anayeulizia leo namna ya kusafisha ghala au stoo iliyojaa panya angefanya vizuri kuufuata mpangilio huo hata pasipo na tauni, kwani viroboto wenye njaa si jambo la kukaribisha kwa vyovyote.

Hapo Lushoto ikaongeza fumbo lake. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya ukusanyaji wa viroboto katika nyumba za vijiji 12 vya Usambara Magharibi. Vijiji 7 vilikuwa vimepata tauni mara nyingi, 5 vilikuwa vimeipata kwa nadra au havikuwa na rekodi yake. Mtu angetegemea kiroboto wa panya awe ndiye mshukiwa. Lakini asilimia 72.4 ya viroboto wa majumbani walikuwa Pulex irritans, kiroboto wa binadamu, na palipokuwa na wengi wa aina hiyo ndipo tauni ilipokuwa imeonekana zaidi. Watafiti wenyewe walisema kwa tahadhari kwamba huenda kiroboto huyu anachangia. Hawakusema amethibitika kuwa mwenye hatia. Hata hivyo matokeo hayo yanatosha kubadili namna ya kuitazama nyumba. Kiroboto huyu hamhitaji panya ili adumu. Mabuu yake hukua ndani ya vumbi, katika nyufa za sakafu ya udongo, chini ya mikeka na magodoro, wakila uchafu mdogomdogo, na wakikomaa humnyonya mtu, mbuzi au mbwa aliye jirani. Nyumba inaweza kumaliza panya wote na bado ikabaki na viroboto wanaoweza kuupitisha ugonjwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu.

Kwa mtazamo huo sakafu ya saruji ni kinga kubwa kuliko mitego kadhaa, na kitanda kilichoinuliwa kutoka chini kinapita sumu yoyote ya dukani. Ni jibu lisilofurahisha, maana sumu ni ya fedha ndogo na saruji ni ya fedha nyingi.

Panya wenyewe ni wa aina nyingi. Anayetawala darini ni panya mweusi, Rattus rattus, mpandaji hodari mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, ambaye asili yake ni Asia na alisambaa duniani kwa meli na misafara. Huyu ni mwoga wa vitu vipya: mtego uliowekwa leo ataukwepa kwa siku kadhaa. Kuna kipanya mdogo wa nyumbani anayepenya tundu la milimita 6 tu. Shambani yuko panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye jike wake anaweza kuwa na chuchu 24, hubeba mimba kwa takriban siku 23, na kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo ni jambo la kawaida kwake. Mazao yakiisha shambani, huyu hufuata chakula kilikohamia. Msituni Magamba na kwingineko wako wengine wasiojali nyumba za watu kabisa, akiwemo panya mwenye manyoya magumu anayeitwa Lophuromys kilonzoi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2007 na kupewa jina la Bukheti Kilonzo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) aliyetumia miaka mingi kuichunguza tauni ya Tanzania. Wanasayansi wachache hupata heshima ya kuitiwa panya.

Kumjua mhusika kunaokoa fedha. Kinyesi kikubwa chenye umbo la ndizi juu ya kuta na boriti humwonyesha panya mweusi, na mitego iwekwe juu huko huko. Mashimo kwenye kingo za matuta na nyuma ya choo huashiria panya wa nje, na kumtafuta darini ni kupoteza usiku.

Mtego wa kubana, ule wa ubao na springi, bado haujapata mpinzani kwa nyumba ya kawaida. Panya hutembea wakigusisha sharubu ukutani, kwa hiyo mtego hukaa ukikatisha njia yao, upande wa chambo ukielekea ukutani. Chambo kizuri si lazima kiwe nyama: siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi ndiyo inayotumiwa sana na watafiti wa SUA wenyewe wanapotega, na dagaa aliyekaangwa hufaa pia. Kwa panya mweusi inafaa kuacha mitego na chambo bila kuitegesha kwa siku chache, azoee kula hapo, kisha itegeshwe yote usiku mmoja. Kosa la kawaida ni kutega mmoja au miwili katika nyumba yenye panya ishirini. Gundi ya panya, inayouzwa sana siku hizi, hunasa, lakini huacha mnyama aliye hai akikojoa na kuhangaika mpaka asubuhi, na mkojo wa panya una hatari zake. Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa homa ya mgunda mkoani Lindi, wagonjwa 20 walikuwa wametajwa na 3 wamefariki. Bakteria wake hupitia mkojo wa wanyama, panya wakiwamo.

Sumu nayo ina historia ndefu na madhara mengi zaidi. Zinki fosfaidi, unga wa kijivu wenye harufu kama ya kitunguu saumu, hukutana na tindikali ya tumbo na kutoa gesi inayoua kwa saa chache. Panya hawezi kutapika, ndiyo maana hunasa. Lakini aliyeonja kidogo akaumwa bila kufa hatagusa tena chambo hicho, na sumu hii haina dawa maalumu ya kuipinga mtoto akiila. Kundi la pili ni sumu zinazozuia damu kuganda. Ya kwanza kuenea, warfarini, ilitokana na utafiti wa chuo kikuu cha Wisconsin kuhusu ng'ombe waliovuja damu baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na muongo mmoja haukupita kabla hospitali hazijaanza kuwapa wagonjwa dozi ndogo yake kuzuia damu kuganda kwenye mishipa. Panya hufa siku kadhaa baada ya kula, hivyo wenzake hawaunganishi chambo na kifo. Kwa mtu au mbwa aliyeila, vitamini K ni tiba, mradi afikishwe mapema. Ila kufikia 1958 panya sugu dhidi ya warfarini walikwisha kuonekana Scotland, na viwanda vikalazimika kutengeneza sumu kali zaidi zinazokaa muda mrefu mwilini mwa panya na mwilini mwa anayemla panya huyo.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na sumu ndiyo inayoustahili zaidi usemi huo. Kuku huokota punje zilizomwagika, paka hula mzoga, bundi hudaka panya mlegevu anayetembea mchana. Pakiti zisizo na lebo zinazotembezwa barabarani ni hatari kupita zote, maana hata daktari hatajua mtoto amekula nini. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyochukua kazi za taasisi ya TPRI ya Arusha chini ya sheria ya 2020, ndiyo inayosajili viuatilifu nchini. Kifungashio kisicho na jina la kiambato hakistahili kuingia jikoni.

Paka? Kila nyumba ina maoni yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka vijiji vya Eswatini ulipima kiasi cha chakula ambacho panya walithubutu kula karibu na nyumba zenye paka, zenye mbwa, zenye wote wawili na zisizo na yeyote. Nyumba zenye paka na mbwa kwa pamoja ndizo panya walikoogopa kula. Paka peke yake au mbwa peke yake hakuleta tofauti ya maana. Kazi kubwa ya wanyama hao ni hofu wanayoieneza kuliko idadi wanayoidaka. Lushoto ina tahadhari yake hapa pia: mwaka 1993 Kilonzo na wenzake walichapisha uchunguzi wa damu ulioonyesha kwamba baadhi ya mbwa wa wilaya hiyo walikuwa wamewahi kukutana na bakteria wa tauni. Paka ni dhaifu zaidi, kwani akila panya mgonjwa huugua, na paka mwenye tauni ya mapafu anaweza kumwambukiza anayemhudumia.

Bundi angekuwa rafiki asiyegharimu kitu, lakini katika sehemu nyingi za nchi mlio wake juu ya paa huhesabiwa kuwa taarifa ya msiba, na mawe humfuata. Huko Israeli na Malaysia bundi hujengewa viota ili wale panya wa mashambani. Milima ya Usambara ina bundi mkubwa wa kwake, anayeitwa kwa jina la Julius Vosseler aliyefanya kazi katika taasisi ya Amani enzi za Wajerumani, ingawa huyo ni ndege wa msituni na hatakuja kulinda dari ya mtu. Vile vifaa vya umeme vinavyodaiwa kutoa sauti isiyosikika na binadamu havihitaji maneno mengi: mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani iliwaandikia zaidi ya watengenezaji na wauzaji 60 kuwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi. Panya huizoea sauti.

Yote haya ni habari ya kuua. Tatizo la kuua ni kwamba nyumba ya mlimani imezungukwa na shamba, shamba limezungukwa na kichaka, na panya shamba aliyeuawa leo huacha nafasi ambayo jirani yake ataijaza baada ya muda mfupi. Watafiti waliokaa Morogoro kwa miongo kadhaa, wa SUA na wa chuo kikuu cha Antwerp wakiongozwa na Herwig Leirs, walionyesha kwamba wingi wa Mastomys hupanda na kushuka kwa kufuata mvua: mvua nyingi za mwishoni mwa mwaka huwawezesha kuzaa mapema, na msimu unaofuata unaweza kuwa wa mlipuko. Hasara ya mahindi nchini imekadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 15 ya mavuno. Mkulima mmoja mwenye mitego kumi hawezi kushindana na mzunguko huo. Kitongoji kizima kikitega kwa wiki zile zile, kabla kuzaliana hakujashika kasi, hesabu hubadilika. Mitaa yenye ushirikiano wa kuchimba msingi wa shule haishindwi kupanga wiki ya kutega.

Hata hivyo njia ya kuhesabu mikia ya panya waliouawa na kuilipia haifai kuigwa. Utawala wa Kifaransa wa Hanoi ulijaribu mwaka 1902, ukaishia kuona panya wasio na mikia wakikimbia mjini: wawindaji walikata mkia na kumwachia mnyama akazae tena.

Linalobaki, na lenye faida ya kudumu, ni kumnyima panya chakula na malazi. Kihenge kilichosimama juu ya nguzo za angalau mita moja, mbali na mti au ukuta wowote anaoweza kuutumia kuruka, kila nguzo ikivishwa kofia ya bati iliyopinda kuelekea chini, humzuia hata panya mweusi. Kihenge cha chuma humzuia kabisa. Mifuko ya kuhifadhi nafaka isiyopitisha hewa, iliyoenea sana miaka hii, ni mizuri kwa kuua dumuzi kwa kuwanyima pumzi, lakini plastiki si kitu mbele ya meno ya panya. Tundu moja tu, hewa huingia na wadudu hufufuka. Mifuko hiyo ikae kwenye pipa la chuma, au juu ya chaga katika chumba kilichozibwa. Pengo la chini ya mlango liwe jembamba kuliko penseli. Matundu ya ukutani yazibwe kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, au kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Udongo mtupu huchimbuliwa usiku huo huo.

Nje ya nyumba kuna mvutano ambao miradi ya kilimo haiutaji mara nyingi. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa Lushoto wamehimizwa kupanda mistari ya majani kwenye kontua ili kuzuia mmomonyoko na kulisha ng'ombe wa ndani, na jambo hilo limeokoa udongo mwingi. Lakini majani marefu yanayofika mpaka ukutani, rundo la kuni lililoegemezwa nyumbani na shimo la taka lililo wazi ni daraja la kutoka shambani hadi darini. Uwanja mtupu uliofagiwa wa mita chache kuzunguka nyumba, ambao bibi wengi wa Kisambaa huusafisha kila asubuhi kwa sababu za heshima, humlazimisha panya kuvuka mahali peupe, jambo asilolipenda.

Ugumu wa kuhamisha mahindi kutoka darini haupuuzwi. Kihenge cha nje huibiwa, na moshi ni dawa ya bure. Nyumba isiyoweza kuyahamisha inaweza angalau kuyapukuchua mapema na kuyafungia kwenye pipa, ikabakiza darini mbegu tu.

Kuna dalili moja ambayo wazee wa vijiji vilivyopitia miaka ya tauni wanaijua: panya wanaokufa wenyewe, mizoga ikionekana njiani na ndani bila mtego wala sumu. Mlipuko uliotokea Mbulu mwaka 2007 ulikumbusha kwamba ugonjwa unaweza kuzuka baada ya kimya cha muda mrefu. Mizoga ya namna hiyo haiokotwi kwa mikono mitupu na haipewi paka. Paka na mbwa huzuiwa, taarifa hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa bwana afya, na yeyote atakayepata homa na mtoki ndani ya siku saba huwahishwa zahanati, kwa sababu dawa kama streptomaisini hufanya kazi vizuri zikitolewa mapema. Hapa ndipo sumu inapoleta hasara isiyoandikwa kwenye pakiti. Kijiji ambamo kila nyumba hutega sumu kimejaa mizoga mwaka mzima, na mzoga wa panya aliyekufa kwa tauni hautofautiani kwa macho na wa aliyekula chambo. Bwana afya anayeletewa habari za panya kufa hana budi kuanza kwa kuuliza ni jirani gani aliyeweka sumu wiki hiyo, na siku za kutafuta jibu ni siku ambazo viroboto tayari wameuhama mwili uliopoa.